Nyumba na Kiwanja ni Shule Moja

Hotuba ya katekista mbele ya wazazi na vijana, katika juma la Jubilei ya parokia yetu

Komite ya Jubilei ilituomba tuseme maneno machache juu ya malezi ya vijana. Wengine walishangaa waliposikia kwamba tumechagua kusema juu ya mpira. Walituuliza: «Katekista, je, katekisimu imekwisha?» Hapana, ndugu zetu, haikwisha. Lakini tukihesabu saa ambazo mtoto wa siku hizi anakaa mbele ya katekista, na saa anazokaa kiwanjani, tunaona kwamba kiwanja kinatushinda mbali. Basi, afadhali tukiulize kiwanja kinamfundisha nini mtoto wetu, kuliko kukiacha kifundishe peke yake.

Katika seminari ndogo, tulipokuwa tungali watoto, padri aliyetufundisha Kilatini alituonyesha neno moja fupi: ludus. Warumi wa zamani walilitumia neno hilo kwa mambo mawili. Maana yake ya kwanza ni mchezo. Ya pili ni shule, mahali ambapo watoto wadogo hujifunza kusoma na kuandika. Siku ile tulicheka, tukifikiri kwamba Warumi walipungukiwa na maneno. Leo, baada ya Mungu kutupa watoto sita na kumrudisha mmoja kwake, na baada ya kuichunga ekipe ya watoto wa parokia kwa miaka mingi, hatucheki tena. Warumi waliona vema.

Wamisionari wa kwanza nao waliona vema. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911. Baba yao Don Bosco alizaliwa Italia mwaka 1815, akafiwa na baba yake angali mtoto mdogo sana. Alipokuwa kijana alijifunza kutembea juu ya kamba na kufanya michezo ya kushangaza watu. Watoto wa kijiji walipokusanyika kumtazama, aliwarudilia mahubiri aliyoyasikia kanisani. Alipokwisha kuwa padri katika mji wa Turin, aliwalea vijana maskini kwa mambo matatu: akili, dini na upendo. Katika nyumba zake, kiwanja cha michezo hakikukosekana kamwe.

Vilevile mwaka 1939 Wabenediktini wa Élisabethville walianzisha ekipe ya vijana, wakaiita kwa jina la Mtakatifu Georges. Ekipe ile ilibadili jina zaidi ya mara moja. Ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Tout Puissant Mazembe. Ilitwaa Kombe la Afrika la ekipe bingwa mwaka 1967, ikalitwaa tena mwaka 1968. Wengi wanaopiga kelele uwanjani hawajui kwamba mti ule ulipandwa katika bustani ya Kanisa. Kwa hiyo tukisema juu ya mpira katika Jubilei hii, hatutoki nje ya njia ya wazee wetu wa imani.

Tunataka kuwapa masomo manne. Hatukuyatoa katika vitabu tu; mengine tulijifunza kwa haya, kama mtakavyosikia.

Somo la kwanza: mwili na roho hufundishwa kidogo kidogo

Mtakatifu Paulo, katika sura ya tisa ya barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, alichukua mfano wa wakimbiaji. Wakorinto walimwelewa upesi, kwa maana karibu na mji wao palifanyika michezo mikubwa ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Mshindi alivikwa taji la majani, na majani hayo yalinyauka baada ya siku chache. Paulo anatuonyesha kwamba ikiwa watu wanajinyima mambo mengi kwa ajili ya majani yanayonyauka, Mkristu ana sababu kubwa zaidi ya kujitawala.

Sisi wazazi tunapenda taji, lakini mara nyingi hatupendi mazoezi. Tunataka mtoto mwenye heshima, lakini hatutaki kazi ya kumrudisha kila siku katika mambo madogo: kuamka kwa saa, kutengeneza kitanda, kusalimu wakubwa, kuosha sahani aliyolia bukari. Katika ekipe yetu tumeona jambo moja mara nyingi sana. Mtoto anayekataa kuchota maji nyumbani, kiwanjani anapopoteza mpira husimama mikono kiunoni; hakimbii kurudi nyuma kuwasaidia walinzi. Na yule aliyezoea kumsaidia mama yake bila kuitwa mara tatu, huyo hurudi mbio hata akiwa amechoka. Kumbe miguu ilifundishwa jikoni. Wazee walisema: mti hukunjwa ungali mchanga. Nasi tunaongeza: haukunjwi kwa siku moja, wala kwa nguvu, maana ukivutwa kwa nguvu utavunjika.

Na tusiseme kwamba maneno haya ni ya wavulana peke yao. Katika nyumba nyingi kaka anatoka na mpira wake, na dada anabaki na masufuria. Hiyo si haki. Binti naye ana mwili aliopewa na Mungu, ana furaha na ushujaa. Wavulana wajifunze kuosha masufuria, na wasichana wapewe saa yao kiwanjani, nyumba haitaanguka.

Somo la pili: kushindwa si kufa

Mwaka 1974 ni mwaka tusioweza kuusahau. Nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, ilitwaa Kombe la Afrika la mataifa kule Cairo, na Ndaye Mulamba peke yake alifunga magoli tisa katika mashindano yale. Miezi michache baadaye, Leopards walikwenda Ujerumani katika Kombe la Dunia, wa kwanza kutoka Afrika ya watu weusi. Walishindwa na Scotland 2 kwa 0, wakashindwa na Yugoslavia 9 kwa 0, wakashindwa na Brazil 3 kwa 0. Watu waliowabeba mabegani wakati wa furaha hawakuonekana tena.

Katika mchezo wa mwisho, Wabrazil walikuwa tayari kupiga mpira uliosimamishwa na mwamuzi. Mara mlinzi wetu Mwepu Ilunga akatoka mbio katika mstari wa wenzake, akaupiga mpira mbali kabla yao. Ulimwengu ulicheka. Kwa miaka mingi ulimwengu ulirudilia picha ile na kusema: tazameni, hawa hawajui hata sheria za mchezo. Lakini Mwepu, kabla ya kufa mwaka 2015, alieleza kwamba alizijua sheria vizuri. Alisimulia kwamba wachezaji hawakupewa feza walizoahidiwa, na kwamba walitishwa na wakubwa wa wakati ule wasishindwe vibaya na Brazil. Tendo lile lilitoka katika hasira na woga wa mtu aliyebanwa.

Wazazi wapenzi, ni mara ngapi tunamcheka mtoto wetu, au kumpiga, bila kumwuliza kitu gani kilikuwa nyuma ya tendo lake? Mtoto analeta pointi mbaya kutoka shule, tunapaaza sauti. Hatujauliza kama anaona ubao, kama alikula asubuhi, kama kuna mkubwa anayemtisha njiani. Kwanza tuulize, kisha, ikiwa lazima, tuadhibu. Mwamuzi mwema hapulizi filimbi kabla ya kuona.

Na kushindwa kuna matunda yake. Mwaka 2010 Mazembe walikwenda Abu Dhabi katika mashindano ya ekipe bingwa za dunia. Waliwashinda Internacional wa Brazil 2 kwa 0, wakawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika mchezo wa mwisho. Huko walishindwa na Inter ya Milano 3 kwa 0. Je, nani kati yetu anakumbuka siku zile kama aibu? Tulitembea barabarani vichwa juu. Basi kipimo cha mtu hakiko katika hesabu ya magoli tu. Kiko katika umbali aliotembea toka alipoanza. Mtoto wa mwisho darasani aliyepanda nafasi tano ametembea kuliko wa kwanza aliyebaki pale pale.

Somo la tatu: mzazi akae kando ya mstari

Kila Siku ya Posho, baada ya saa tisa, tunasimama kandokando ya kiwanja cha parokia. Watoto wanacheza vizuri mpaka baba zao wanapofika. Baba mmoja anaita huku: «Piga!» Mwingine anaita kule: «Usimpe huyo, hajui kitu!» Mtoto anageuka kumtazama baba yake, na wakati ule ule mpira unampita. Kisha baba anakasirika kwamba mtoto amepoteza mpira. Nani aliupoteza?

Tumewaona pia wazazi wanaomtukana mwamuzi, naye ni kijana wa parokia aliyejitolea bila kulipwa kitu. Jumatatu mtoto yule akimjibu mwalimu vibaya, baba anashangaa: «Umejifunza wapi tabia hii?» Amejifunza kando ya mstari, Siku ya Posho, kinywani mwa baba yake.

Mstari mweupe ni mwalimu mkubwa. Unamwambia mzazi: mpaka hapa. Wewe umemlisha, umemvika, umemfundisha, umemwombea. Sasa ni yeye anayecheza. Ndivyo ilivyo katika ndoa ya mtoto, katika kazi yake, katika wito wake. Atakayechezea mtoto wake mpira hataona mtoto akikua.

Na tumkumbuke mtoto anayekaa nje, yule asiyechaguliwa. Katika ekipe yetu kulikuwa na mmoja aliyekaa nje karibu mwaka mzima. Alileta maji, alikusanya nguo za wenzake, alipiga makofi. Tulidhani anaumia, tukamwita. Akatujibu kwamba anaumia, ndiyo, lakini ameanza kuona namna mpira unavyotembea, jambo ambalo wenzake walio ndani hawana nafasi ya kuliona. Mwaka uliofuata tulimfanya kapiteni.

Somo la nne: ukweli unagharimu

Sasa tunafika mahali pagumu. Tuliomba ruhusa ya mama wa watoto, na ya mtoto wetu mwenyewe, kabla ya kusema maneno haya mbele yenu.

Miaka sita iliyopita mwana wetu wa pili alikuwa na miaka 17. Alicheza vizuri kuliko wote katika ekipe ya parokia. Alikuja mtu mmoja anayetafutia ekipe kubwa vijana, akamtazama mara tatu, akatufuata nyumbani. Alisema: «Huyu tunamtaka. Lakini tunatafuta watoto wa miaka 15. Ninyi ni katekista. Vitabu vya ubatizo viko mikononi mwenu. Tuleteeni cheti.» Aliahidi kwamba ekipe ingelipa masomo ya mtoto, na kwamba njia ya Ulaya ilikuwa wazi. Wakati ule tulikuwa na deni la minervali la watoto watatu, na mmoja alikuwa amekwisha kufukuzwa darasani.

Hatukulala usiku ule. Asubuhi tulikwenda ofisini, tukachukua karatasi ya cheti, tukaandika jina la mtoto wetu, na mahali pa mwaka wa kuzaliwa tukaongeza miaka miwili. Hatukukigusa kitabu chenyewe. Tulijidanganya kwamba hiyo ilikuwa heshima. Tuliitia karatasi ile kati ya nyingine zilizongoja sahihi. Bwana Paroko wa wakati ule alitia sahihi zote bila kuzichungua, kwa sababu alitutumaini. Neno hilo, alitutumaini, ndilo lililotuuma baadaye kuliko mengine yote.

Jioni tulimpa mtoto karatasi. Tulidhani ataruka kwa furaha. Aliisoma polepole, akaisoma mara ya pili, kisha akaiweka juu ya meza, akasema kwa sauti ndogo:

«Baba, mwaka huu si wangu. Ni wa mdogo wangu, yule tuliyemzika.»

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wetu aliyekufa akiwa na miezi saba alizaliwa mwaka ule ule. Sisi, baba yake, tulikuwa tumeuandika kwa mkono wetu bila kukumbuka. Mama wa watoto alisimama akatoka nje. Mtoto alibaki mbele yetu, akaongeza neno moja tu: «Nikicheza kwa mwaka wake, yeye atabaki na nini?»

Ndugu zetu, tumefundisha amri ya nane kwa watoto wengi wa parokia hii. Usiku ule mtoto wetu alitufundisha sisi.

Kesho yake tulirudisha karatasi kwa Bwana Paroko, tukapiga magoti. Hakupaaza sauti. Aliipasua karatasi, akatuondolea kazi ya vitabu kwa miezi mitatu, akatuacha tuendelee kufundisha katekisimu, akisema kwamba sasa tutaifundisha vizuri zaidi. Yule mtu wa ekipe alichukua kijana mwingine. Minervali tulilipa kwa kuchelewa, mama akiuza maandazi asubuhi na sisi tukilima bustani za watu siku zisizo na mafundisho. Mtoto mmoja alipoteza mwaka wa shule. Hatutaficha jambo hilo, maana ukweli unagharimu, na mara nyingine anayelipa si yule aliyekosa.

Mwana wetu hakufika Ulaya. Leo ana miaka 23, ni fundi wa kuunganisha vyuma, na Siku ya Posho ndiye anayefundisha wadogo pale kiwanjani. Kazi yake ya kwanza na kila mtoto mpya ni kumwuliza jina lake lote na mwaka wake wa kuzaliwa, na kuviandika sawasawa katika daftari.

Katika nchi yetu tunaye shahidi wa jambo hili. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alifanya kazi katika ofisi inayochunguza bidhaa zinazoingia nchini. Walimletea feza ili aruhusu mchele uliooza upite. Alikataa, kwa sababu mchele ule ungewadhuru watu. Waliendelea kumbana, akaendelea kukataa. Wakamwua mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, kule Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Hatulinganishi karatasi yetu na damu yake. Tunasema tu kwamba mtu hawezi kukataa feza kubwa siku ile ya hatari, kama hakujifunza kukataa uongo mdogo nyumbani na kiwanjani, akiwa mtoto.

Mkono mmoja, vidole vitano

Tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko alikutana na vijana na makatekista wa nchi yetu katika uwanja wa mpira wa Stade des Martyrs, mjini Kinshasa. Aliwaalika watazame mkono wao, akakipa kila kidole jina: sala, jumuiya, unyofu, msamaha na utumishi. Akifika kwenye unyofu aliwataja Floribert. Tunaona vema kwamba maneno yale yalisemwa uwanjani, mahali ambapo vijana wetu wanapenda kukaa. Na wazee wetu walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, tunapomaliza, tunawaomba wazazi mambo matano, moja kwa kila kidole. Tusali pamoja na watoto wetu, hata kwa dakika chache, kabla ya kulala. Tuwaache wacheze na wengine, hata na wale wa nyumba tusiyopatana nayo. Tusiwaombe kamwe waseme uongo kwa faida yetu, hata uongo wa umri, hata uongo wa kusema «Baba hayupo» mdai anapobisha hodi. Tuwaombe msamaha tunapokosa mbele yao. Baba hapungukiwi kitu akisema «nilikosa». Na tuwazoeze kutumika: kuchota maji, kubeba mipira, kufagia kanisa.

Na ninyi vijana, msichoke kutuonya sisi wakubwa kwa heshima. Mara nyingine Mungu anapuliza filimbi kwa kinywa cha mtoto.

Parokia hii ilijengwa na watu waliobeba matofali vichwani bila kuandika majina yao ukutani. Watoto wetu ndio matofali ya Jubilei inayofuata. Tuwapange vizuri, kila mmoja kwa jina lake na mwaka wake wa kweli.

Mungu Mwenyezi awabariki, Bikira Maria awalinde ninyi na nyumba zenu, na Mwenye Heri Floribert atuombee.

Amina.